Kilima Kilichotiwa Chokaa

Kwenye matanga ya Profesa Monga, pale nyumbani kwake mtaa wa Bel-Air, mzee Lwamba alivuta kiti cha plastiki akakaa karibu nami bila kukaribishwa. Profesa Monga ndiye aliyesimamia mémoire yangu, ile kazi ndefu ya utafiti ambayo mwanafunzi huandika na kuitetea mbele ya watu kabla hajapewa digrii. Lwamba, miaka hiyo, ndiye aliyekuwa mkubwa wa vijana wa Chama pale chuo kikuu. Tumezeeka wote wawili. Yeye amebaki na kitambi na sauti, mimi nimebaki na magoti mabovu na ulimi. Alinisalimu vizuri, akauliza habari za wajukuu, akasifu samaki tuliopakuliwa, kisha akasema kile kilichomleta. “Mama Ngoie, mi najiulizaka. Ungeliitika tu ile siku, leo ungelikuwa profesa sawa na marehemu. Ulienda kukula chaki ya mwalimu kule porini Mitwaba miaka yote ile juu ya nini? Juu ya majani?” Wanawake waliokaa karibu nasi walicheka kwa adabu, maana hawakujua anasema nini. Nikamwambia, “Papa Lwamba, kula samaki yako.” Nikarudi nyumbani na hasira ambayo nilidhani imekwisha zamani. Haijaisha. Ninaandika sura hii ya kumbukumbu zangu nikiwa nayo, wala siombi radhi kwa hilo.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho chuoni, wakati nchi inaitwa Zaire na Chama ni kimoja, na hakuna aliyeulizwa kama anataka kuwa mwanachama. Ulizaliwa tayari umo. Majina yetu ya ubatizo yalikuwa yamefutwa kwenye karatasi zote. Hakuna aliyeitwa tena monsieur wala madame. Wote tulikuwa citoyen na citoyenne, yaani raia, na hata ukigombana na mtu kwenye foleni ya chakula ulipaswa kumtukana kwa heshima hiyo. Nililala chumba kimoja na Bupe, msichana wa Kasenga aliyesomea kemia. Tulikuwa na vitanda viwili vya chuma, meza moja ya kugombania, na jiko dogo la umeme lililokatazwa na sheria za bweni. Tukisikia viatu vya msimamizi tulilitumbukiza ndani ya sanduku la nguo likiwa bado na joto, na hadi leo sijui kwa nini hatukuungua. Watu wa kwao Bupe walimtumia samaki wa kukaushwa kutoka Luapula. Akianza kuwapika na nyanya, wasichana wa vyumba vya jirani walilalamikia harufu, kisha walikuja mmoja mmoja na sahani. Bupe alikula polepole na kunichokoza haraka. “Ngoie, weye unasomeaka majani,” aliniambia. “Mbuzi nayo inasomeaka majani, lakini ile haina na diplôme.” Nilimjibu kwamba mbuzi hana Bupe wa kumsumbua, ndiyo maana hahitaji diplôme.

Majani yenyewe yalikuwa kwenye kilima kimoja nje ya mji, upande wa barabara ya Kasenga. Unapita msitu, miti kushoto na kulia, halafu ghafla miti inakoma na mbele yako kuna kilima kipara. Watu wengi walidhani ni ardhi iliyokufa. Udongo wake umejaa shaba, na shaba nyingi ni sumu kwa mmea wa kawaida: mizizi inafupika na kuvimba, majani yanageuka manjano, mwisho mmea unakaa kitako na kufa. Lakini ukipiga magoti unaona kilima kimejaa viumbe. Kuna nyasi nyembamba kama uzi, kuna vimmea vifupi vyenye maua ya zambarau na ya buluu vinavyochomoza katikati ya mawe ya kijani, na baadhi yao hawaoti mahali pengine popote duniani isipokuwa vilima vya namna hii, hapa kwetu Katanga. Profesa Monga alitufundisha jinsi ya kuwasoma. Unasimika vijiti vinne, unazungusha kamba, unapata kiwanja cha mraba. Kisha unapiga magoti na kuhesabu kila kilichomo, aina kwa aina, na unarudi juma baada ya juma kuona nani amekuja na nani ameondoka. Alikuwa mtu mkimya, mrefu, na suruali zake zote zilipauka magotini. “Mupige magoti kwanza,” alituambia, “ile mingine mutasema nyuma.” Mvua za kwanza zilipoanza nilisimika viwanja vyangu, na nilikipenda kilima kile kwa namna ambayo sijawahi kupenda jengo wala gari wala, Mungu anisamehe, wanaume kadhaa walionichumbia.

Jumamosi zilikuwa za salongo. Vijana wa leo inabidi uwaeleze: salongo ni kazi ya lazima ya kusafisha nchi, kila mtu na jembe au panga lake, profesa na mwanafunzi pamoja, na asiyekuja anajibu. Kabla ya Krismasi tulitangaziwa kwamba mgeni mkubwa kutoka Kinshasa atapita barabara ya Kasenga, na kamati ya vijana ya Chama imeamua kumwandikia salamu mahali atakapoiona: herufi tatu za jina la Chama, kubwa kabisa, kwa mawe yaliyopakwa chokaa, kwenye kilima kisicho na miti ya kuzizuia. Nilishuka lorini na jembe mkononi, nikakuta Lwamba amesimama katikati ya viwanja vyangu na abacost yake, ile suti ya Chama isiyovaliwa na tai, iliyopigwa pasi, anaonyesha watu kwa kidole wapi pa kulima. Nikamfuata. “Citoyen Lwamba, hapa iko kazi yangu ya mémoire. Muandike ku ile upande ingine.” Hakunikasirikia. Alinieleza taratibu, kwa upole wa mtu anayemweleza mgonjwa. “Citoyenne, angalia muzuri. Ku hii kilima hakuna muti, hakuna shamba, hakuna kintu. Njo maana tuliichagula.” Nikasema, “Kuko majani. Na kila moya iko na jina yake.” Akacheka. “Bantu bote ba hapa iko na jina moya: militant ya Chama. Shika jembe.”

Wakalima. Vijiti vyangu vilichomolewa na kutumika kupimia mistari, na kamba yangu, ile niliyoisuka mwenyewe, ikanyooshwa ili miguu ya herufi isipinde. Mawe hayakutosha hata kwa herufi ya kwanza, na wingu lilikuwa limeshakaa juu ya mji, kule moshi wa bomba la kiwanda cha kuyeyushia shaba unakokutana na mbingu. Lwamba akaamuru wachimbe mifereji kufuata umbo la herufi na kumwaga chokaa moja kwa moja ndani yake, magunia yote, bila mawe. Profesa Monga alikuwa pale na jembe lake. Niliona anachukua donge la udongo, analitazama, anatazama chokaa, anafungua mdomo na kuufunga tena. Sikumwelewa siku ile. Nilielewa tu kwamba nimelia mbele ya watu, na kwamba Bupe amenifunika na kitenge chake akijifanya ananikinga na mvua. Yule mgeni alikuja kwa ndege, akaondoka kwa ndege, na barabara ya Kasenga hakuiona.

Profesa alinishauri nibadilishe somo, niandike jambo la maktabani. Nikakataa. Nilimwambia kilima bado kipo na mimi bado nipo, na nitahesabu kilichobaki. Nikasimika viwanja upya, vingine juu ya herufi, vingine pembeni ambako jembe halikufika, na kila juma nilipanda lori la wauza makaa hadi pale. Mvua zilipokolea niliona jambo ambalo halikupaswa kuwepo. Juu ya chokaa, na juu ya chokaa tu, palikuwa pameota lengalenga ya porini, yaani mchicha, na majani ya kando ya barabara, na yale magugu ambayo mbegu zake zinang’ang’ania nguo. Mbegu zilikuja na majembe yetu wenyewe, kwenye tope la mashamba ya nyumbani ambalo hakuna aliyelikwangua. Kwa kawaida zingekufa ndani ya siku chache. Sasa zilistawi, zikapanda kiunoni, na mwezi ulipoisha weupe wa Chama ulikuwa umemezwa wote. Ukisimama barabarani uliona herufi tatu za vichaka, zimevimba, hazisomeki. Bupe alipoenda nami kuzitazama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akataka tuchume lengalenga tukapike na samaki. Nilimkataza, kwa kuwa sikujua mmea ule umenywa nini kutoka kwenye udongo ule. Akasema ni mara ya kwanza katika maisha yake kuona Mluba kama mimi anakataa mboga.

Watu wengine walioona hawakucheka. Niliitwa kwenye ofisi ya kamati ya vijana, chumba chenye picha kubwa ukutani na zulia jekundu lililonuka unyevu, na Lwamba safari hii hakuwa mpole. “Nani alipanda ile majani?” aliuliza. Nikasema hakuna aliyeipanda. “Njo weye peke unaendaka kule kila juma. Njo weye ulilia siku ya salongo, bantu bote baliona. Unafunika jina ya Chama na pori, unazani sisi batoto?” Mwaka uliotangulia wavulana wawili walirudishwa makwao kwa kosa dogo kuliko hilo, na masomo yao yakaishia hapo. Nilijua hivyo. Lakini nilikuwa nimekwisha kuchoka kuambiwa nini kipo na nini hakipo kwenye kilima nilichokihesabu kwa magoti yangu. Nikamwambia, “Citoyen, munipe wakati. Mukuye mu laboratoire, nitabaonesha nani alipanda.” Alinitazama sana. Nadhani alinipa muda ule kwa sababu alitaka nijifunge kamba mwenyewe.

Maabara yetu ilikuwa chumba kirefu chenye meza za vigae, mabomba yaliyotoa maji asubuhi tu, na madirisha ambayo hatukuyafungua upepo ukituletea moshi wa kiwanda, kwa sababu ya kikohozi. Vifaa vilikuwa vichache na vya zamani. Nilikusanya makopo ya maziwa ya unga kutoka kila chumba cha bweni, nikayatoboa chini, nikayajaza udongo wa kilima: mengine udongo mtupu, mengine niliouchanganya na chokaa. Nikapanda mahindi ndani ya yote. Kisha Bupe, ambaye mikono yake kwenye chupa za tindikali ilikuwa mitulivu kuliko ya padri kwenye kikombe, akanifundisha kuchuja udongo na kuipima shaba kwa rangi. Unatikisa udongo ndani ya tindikali dhaifu, unachuja, unadondoshea amonia. Kama shaba iliyo tayari kunywewa na mizizi ni nyingi, maji yanageuka buluu nzito. Tulirudia mpaka macho yakawasha. Profesa Monga alikuja kila asubuhi, akajipimia mwenyewe chupa moja moja, akidhani simwoni, akarudisha kila kitu mahali pake. Lwamba alipoingia na wenzake nilikuwa nimepanga makopo dirishani. Kwenye udongo mtupu mahindi yalikuwa mafupi kama kidole, ya manjano, yamekata tamaa. Kwenye chokaa yalikuwa ya kijani na yanasukumana. Nikadondosha amonia mbele yao: chupa ya udongo mtupu ikawa buluu kama wino, ya udongo wenye chokaa ikabaki karibu nyeupe. “Basi ni chokaa,” alisema Lwamba. “Ni chokaa, inafungaka shaba,” nikajibu. “Chokaa ya nani?” akauliza. Nikasema, “Ya Chama, citoyen,” na sitadanganya, nililitamka neno lile kwa raha. Akagusa jani la hindi kwa kidole. Halafu akatabasamu, na raha yangu ikaondoka.

Nilijua maana ya tabasamu lile Jumapili iliyofuata. Profesa alikuwa amenialika chakula cha mchana. Nilikuwa jikoni na mkewe nikimsaidia kusonga bukari, ugali wa kwetu, na dirisha la jikoni lilitazama baraza, ambako Lwamba alikuwa amefika kabla yangu. Hawakujua kwamba tunasikia, au hawakujali. “Ni Chama njo iliotesha majani pa kilima ya kufa,” Lwamba alikuwa anasema. “Bakoloni balishindwa, sisi tuliweza. Aandike vile mu mémoire. Nafasi ya assistante iko yake, nasema kweli, hata leo. Na weye, Prof, bantu ba Kinshasa batakujua.” Nilisikia kiti cha Profesa kikilia. Mkewe alinipokonya mwiko kwa upole. “Kula muzuri leo, mutoto wangu,” alisema. “Bwana yangu akiogopa anaongezaka pilipili, na leo aliilomba mara mbili.” Mezani Lwamba hakuwepo tena. Palikuwa na sombe ya majani ya muhogo na ndagala, dagaa wa kwetu, na pilipili kweli. Profesa alinieleza yote tena, kama jambo ambalo amelifikiria yeye. Uassistante, kazi ya mhadhiri msaidizi, ulikuwa ndoto yangu. Nilishajua hata meza nitakayoikalia, ile ya kona karibu na darubini. Nikamuuliza, “Prof, weye ulipima. Ile kilima iliota ao ilikufa?” “Niko na batoto, Ngoie,” akasema. Kisha akaniongezea samaki. Sikumchukia. Niliwaona watoto wake kupitia mlango, wanacheza na kizibo, na nilielewa vizuri sana alichosema. Kuelewa hakukunifanya nikubali.

Mvua zilipokatika nilikwenda kilimani mara ya mwisho, wakati ambapo maua yake hufunguka. Pembeni, ambako jembe halikufika, palikuwa na zambarau na buluu kama kila mwaka. Ndani ya herufi nilipiga magoti, nikatenga magugu kwa mikono na kutafuta chini yake. Viumbe wale wadogo hawakuwepo. Wanaweza kuishi na shaba, ambayo inaua wengine wote; hawawezi kuishi na kivuli cha majirani wenye nguvu kuliko wao. Shaba ndiyo iliyokuwa ukuta wao, na chokaa ikaubomoa. Nilitafuta mpaka jua likapinda, aina moja hasa, yenye ua dogo la buluu, ambayo mwanzoni mwa mwaka wa masomo niliikuta katika kila kiwanja cha mteremko ule. Sikuipata hata moja. Nilikaa juu ya mguu wa herufi ya katikati nikalia mara ya pili mwaka ule, sasa bila kitenge cha mtu. Lwamba anawaita majani. Sawa, ni majani. Lakini yalikuwa pale kabla ya Chama, kabla ya Wabelgiji, kabla ya mtu yeyote kujua shaba ni nini, na sikuona kwa nini yapewe cheti cha kifo kilichoandikwa kwamba yamestawi. Bwenini niliandika sentensi yangu ya hitimisho. Bupe aliisoma, akawasha jiko, akasema, “Basi tukule ile samaki yote leo. Ku Mitwaba, kule banatupaka balimu, sijui kama iko.”

Siku ya kutetea mémoire ukumbi ulijaa. Vijana wa kamati walikaa safu za mbele, na niliwasikia wakikubaliana mdundo wa makofi watakayopiga, ule wa nyimbo za Chama. Jopo lilikuwa na maprofesa watatu, Monga akiwa wa mwisho kushoto, miwani mkononi. Nilieleza viwanja, nikaeleza makopo, nikaonyesha chupa mbili. Kila kitu kilikwenda kwa Kifaransa safi, na watu waliitikia kwa vichwa. Kisha nikafika ukurasa wa hitimisho na kusoma, bila kuharakisha, kwamba chokaa ile iliwekwa kwenye kilima kwa kutojua, wakati wa salongo. Kwamba haikuotesha ardhi iliyokufa, kwa sababu ardhi ile haikuwa imekufa. Na kwamba pale ilipomwagwa, mimea ya asili ya kilima imetoweka. Mikono iliyokuwa tayari kupiga makofi ilibaki magotini. Lwamba hakunitazama mimi, alimtazama Profesa Monga.

Rais wa jopo aliuliza kwa upole kama nimekosea kusoma. Nikasema sikukosea. Akamgeukia Profesa. Alitaka kujua sentensi hiyo ni ya nani, ya msimamizi au ya mwanafunzi. Profesa Monga alivaa miwani yake, akaivua tena. Mtu huyu alinifundisha kupiga magoti. Alikuwa amepima chupa zile kwa mkono wake, asubuhi baada ya asubuhi, na alijua kila tone. “Maneno hayo,” alisema, “ni ya mwanafunzi peke yake.” Yaliniuma kuliko chochote Lwamba alichowahi kuniambia, na bado yananiuma, hata sasa ambapo nimemwagia udongo kaburi lake na kumlilia kwa moyo wangu wote. Rais wa jopo akanirudia. “Umesikia, citoyenne. Bado una nafasi ya kuisahihisha.”

“Prof anasema kweli,” nilijibu, na nilisema kwa Kiswahili, ili safu za mbele zisinisingizie tafsiri. “Ile maneno ni yangu.” Kisha nikafunga karatasi zangu, nikakaa kabla sijaambiwa nikae.